Kupima kinanda cha arenja kabla ya kukinunua: mwongozo kwa wapiga kinanda wa Unguja na Pemba

Arenja ni kinanda kinachopiga pamoja nawe. Mkono wa kushoto unabonyeza kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), na ngoma, besi, magitaa na nyuzi zilizohifadhiwa ndani yake zinaifuata kodi hiyo, huku mkono wa kulia ukipiga lahani. Mtu mmoja aliyeitwa harusini Jang'ombe au Chake Chake anaweza kusimamia usiku mzima peke yake. Lakini vinanda vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa kufikiria muziki wa Ulaya na Marekani, na vichache kwa kufikiria muziki wa Kiarabu na Kituruki. Taarabu ya Zanzibar imekaa katikati: lahani yake ina maqamu (ngazi za noti) ya Kiarabu, midundo yake ina rumba, bolero na ngoma za kwetu. Kwa hiyo sifa zilizoandikwa kwenye boksi hazitoshi. Kinanda chenye sauti 1,000 kinaweza kukushinda kwenye wimbo wa kwanza wa Rasti, mojawapo ya maqamu hayo, na cha bei ya kati kikakufaa kwa miaka.

Amua kazi kwanza. Mpigaji wa hoteli za Nungwi au Paje, anayepiga bosanova, rumba na nyimbo za zamani za Kizungu wageni wakila, atatosheka na karibu arenja yoyote ya kati, kwa sababu hiyo ndiyo kazi vinanda hivi vinayoiweza zaidi. Anayepiga taarabu ya kisasa anahitaji kubadilisha mpangilio kwa haraka na uwezo wa kutengeneza mdundo wake mwenyewe. Anayetaka kukaa pamoja na fidla, udi na kanuni kwenye taarabu asilia anahitaji kitu kimoja kabla ya vyote, nacho ni robo toni. Tuanze hapo, maana ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Robo toni

Kati ya Do na Do kreshi (kitufe cheusi kilicho kulia kwake) kuna nusu toni, na kila nusu toni imegawanywa katika senti 100. Maqamu kama Rasti, Bayati, Saba na Sika yana noti zinazokaa katikati ya vitufe, kiasi cha senti 50 chini ya kitufe cheupe. Kinanda cha kawaida hakina noti hiyo. Ukipiga Mi ya kawaida kwenye Bayati, fidla iliyo pembeni yako itakuwa chini yako, na kila mwenye sikio atahisi mmoja wenu kakosea.

Kinanda kinachofaa kina sehemu ya kurekebisha skeli (ngazi ya noti), ambamo kila moja ya noti 12 inashushwa au kupandishwa kwa senti. Mipangilio ya kuanzia ni hii:

Rasti ya Do: Mi senti −50, Si senti −50.
Bayati ya Re: Mi senti −50, Si inapigwa kwa kitufe cheusi cha Si bemoli, bila kurekebisha.
Saba ya Re: Mi senti −50, na Sol bemoli kwa kitufe cheusi.
Hijazi ya Re: Mi bemoli na Fa kreshi kwa vitufe vyeusi. Haihitaji robo toni, ndiyo maana Hijazi na Nahawandi zinasikika sana kwa wapigaji wenye vinanda vya bei ndogo.

Namba hizo ni za kuanzia tu. Mi ya Rasti hukaa juu kidogo kuliko Mi ya Bayati, kwa hiyo kwenye Rasti jaribu kuipandisha mpaka −40 au −35 na umsikilize mpiga fidla au mpiga udi. Sikio lake ndilo la kufuatwa, si namba iliyo kwenye kioo. Akikwambia ipo chini, ongeza senti 5, mpigie tena noti moja ndefu, kisha wimbo mzima. Mkishakubaliana, ihifadhi.

Sasa upimaji wenyewe. Usiulize tu kama kinanda kina robo toni. Uliza mambo matatu.

La kwanza, inachukua muda gani kuiwasha na kuizima katikati ya wimbo? Wimbo wa taarabu huhama maqamu: unaanza Bayati, kiitikio kinaingia Nahawandi, kisha mnarudi. Kama lazima uingie kurasa tatu za kioo ili kushusha Mi, robo toni hiyo haikufai jukwaani. Korg za daraja la Pa zina njia ya kuhifadhi skeli na kuziita kwa haraka, na kuna matoleo yaliyotengenezwa mahsusi kwa robo toni, kama Pa600QT. Yamaha wana vinanda vya soko la mashariki, PSR-A3000 na mrithi wake PSR-A5000 wa mwaka 2021, ambavyo vina batani za skeli kwenye uso wa kinanda. Kwenye PSR-SX700 na SX900 za kawaida skeli ipo, pamoja na mipangilio miwili ya Kiarabu iliyokwisha kutengenezwa, lakini imefichwa kwenye menyu. Dawa ni kuihifadhi kwenye batani za rejista, zinazokumbuka mipangilio yako: batani 1 Bayati, batani 2 skeli ya kawaida, na kadhalika. Hakikisha tu wakati wa kuhifadhi umetia alama kwamba skeli nayo ihifadhiwe. Usipoitia, batani itaita sauti na mdundo, na skeli itabaki ile ya mwanzo.

La pili, skeli inagusa sehemu gani? Ikishusha Mi kwa kinanda kizima, basi gitaa na nyuzi za mdundo nazo zinashuka, na kodi ya Do kubwa inachacha. Kinanda kizuri kinakuruhusu kuchagua mkono wa kulia peke yake.

La tatu, nini kinatokea ukihamisha ufunguo? Mwimbaji leo ana sauti nzito, anataka ushuke toni moja. Weka Bayati, shusha nusu toni mbili, piga tena, na usikilize kama robo imehama pamoja na lahani au imebaki kwenye kitufe kisichohusika. Fanya jaribio hili dukani, usingoje siku ya Idi.

Vinanda vya kujifunzia vina mipaka hapa. Yamaha PSR-E373 ni kinanda kizuri kwa mtoto wa skuli, kina vitufe 61 vinavyohisi nguvu ya kidole na kina uzito wa kilo 4.6 tu, lakini hakina marekebisho ya skeli wala gurudumu la kupinda sauti. Kwa hiyo robo toni haipatikani kabisa, hata kwa ujanja. PSR-E473 angalau ina gurudumu. Mpigaji mwepesi ataweza kuvuta Mi chini kwa mkono wa kushoto, ila mkono huo utakuwa umeacha kodi.

Kodi na maqamu havipatani kila wakati

Hapa ndipo ilipo kasoro kubwa ya arenja kwa muziki wetu, na si kasoro ya kampuni moja, ni ya chombo chenyewe. Arenja imejengwa juu ya kodi. Taarabu imejengwa juu ya lahani: fidla, kanuni, nai na kodiani (akodioni) zinapiga mstari mmoja, kila chombo kwa mapambo yake. Ukisikiliza vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club cha mwaka 1958, utasikia nyuzi zikitembea pamoja kwenye lahani, sio kukaa kwenye kodi ndefu. Mpiga arenja anayebonyeza kodi kubwa au ndogo chini ya lahani ya Rasti analeta Mi ya aina mbili kwa wakati mmoja, na zinapigana.

Njia ya kulikwepa hilo ni kuiondoa noti ya tatu kwenye kodi, ile inayoifanya kuwa kubwa au ndogo. Kwenye Yamaha, weka mkono wa kushoto kwenye hali ya vidole kamili (Fingered), kisha bonyeza noti ya kwanza na ya tano tu: Do na Sol, au Re na La. Kinanda kinaielewa kuwa kodi isiyo na tatu, na besi na magitaa yanafuata bila kugombana na lahani. Ukibonyeza vitufe vitatu vinavyofuatana (Do, Do kreshi, Re) ala zote zinanyamaza na ngoma peke yake inabaki. Hiyo ni hazina kwa mpiga taarabu: mwimbaji anapoingia kwenye kipande cha maqamu nzito, unabaki na ngoma, na mkono wa kulia unajibu.

Njia ya pili ni kuzima ala zenye kodi ndani ya mdundo. Mdundo wa Yamaha umegawanywa katika sehemu nane: ngoma mbili, besi, kodi mbili, nyuzi za nyuma na vipande viwili vya mapambo. Zima kodi zote mbili, zima nyuzi, bakisha ngoma na besi. Muziki utakuwa mwembamba kwa sikio lililozoea disko, lakini utakuwa wa kweli, na mpiga gitaa wa kikundi atapata nafasi yake.

Hali ya kidole kimoja, ambapo kitufe kimoja kinatoa kodi kubwa, kitufe hicho na cheusi kilicho karibu kushoto kwake kodi ndogo, na kitufe hicho na cheupe cha kushoto kodi ya saba, inafaa kwa anayeanza. Kwa taarabu inafunga mlango, kwa sababu inatoa noti ya tatu kila mara. Mwanafunzi akishaijua kodi yenye noti tatu, mtoe huko mapema.

Midundo

Kila arenja ina sehemu za mwanzo, sehemu kuu (kwa kawaida nne, A mpaka D), mijazo ya kuunganisha, na mwisho. Ubora wa mdundo upime kwa sehemu kuu A na B, maana huko ndiko utakakokaa usiku kucha. C na D huwa zimejaa tarumbeta na magitaa. Zinavutia dukani, zinachosha ukumbini.

Idadi ya midundo isikushangaze. Kati ya midundo 400, mpigaji wa Zanzibar atatumia labda 20. Tafuta hii: rumba, bolero, chacha, bosanova, na mdundo wowote wa Kiarabu wenye dumu (pigo zito) na taki (pigo kali) zinazosikika wazi. Kwa kupima, weka kasi 95 na usikilize kama mdundo wa maksumu uko sawa: dumu-taki-kimya-taki-dumu-kimya-taki-kimya, yaani vipigo vinane vilivyo sawa. Kama ngoma ya dumu inasikika kama ngoma ya mguu ya disko, sampuli zake ni dhaifu na ukumbini itazama chini ya besi.

Midundo yetu wenyewe hutaikuta. Hakuna kidumbaki (taarabu ya mtaani ya ngoma ndogo), hakuna msewe (ngoma ya kiasili). Lazima uitengeneze, na hapa ndipo vinanda vya bei ndogo vinapoachwa nyuma: PSR-E373 haikuruhusu kutengeneza mdundo mpya. Daraja la PSR-SX na Korg Pa vinaruhusu. Kwenye Yamaha ya SX kazi inakwenda hivi. Fungua sehemu ya kutengeneza midundo na uanze na mdundo mtupu. Chagua vipimo vinne kwa sehemu kuu A. Kwenye sehemu ya kwanza ya ngoma weka seti ya ngoma za Kiarabu, ambayo ipo ndani. Kurekodi kunazunguka bila kusimama, kwa hiyo ingiza chombo kimoja kila mzunguko: kwanza dumu, mzunguko wa pili taki, wa tatu cherewa (kayamba za mkononi), wa nne mlio mkavu wa mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Usijaribu kuvipiga vyote mara moja kwa vidole.

Kisha besi. Kwa kidumbaki besi inaiga sanduku, yaani besi ya boksi lenye uzi mmoja: noti fupi, zilizokatwa, zenye mvuto kidogo mwanzoni. Chagua besi ya vidole, punguza mtetemo wake, na urekodi. Jambo la kushika: Yamaha hudhani unarekodi chini ya kodi ya Do kubwa yenye saba, kwa hiyo tumia Do, Re, Mi, Sol, La na Si. Ukiingiza Fa, kinanda kitaitafsiri vibaya utakapobadilisha kodi, na besi itatoa noti ya ajabu kwenye kodi ndogo. Wengi hudhani kinanda kimeharibika, kumbe ni hiyo Fa.

Mwisho, punguza usahihi wa mashine. Kinanda husogeza kila pigo kwenye mstari wake kikamilifu ukikiruhusu. Ngoma ya kidumbaki haikai hivyo. Acha cherewa bila kunyooshwa, nyoosha dumu tu.

Kidumbaki pia hupanda kasi wimbo unavyoendelea, na arenja haijui hilo. Ongeza kasi mwenyewe, alama 2 au 3 kila unapobadilisha kutoka A kwenda B, na ufanye hivyo kwenye mjazo ili wachezaji wasihisi mruko. Vinanda vingi vya kati vinakubali kazi ya kasi ipangiwe kanyagio la mguu. Hiyo ni sifa ya kuiuliza.

Kuhusu midundo inayouzwa kwenye fleshi: ya Korg haiingii moja kwa moja kwenye Yamaha wala ya Yamaha kwenye Korg. Hata baina ya Korg na Korg, mdundo ulioandikwa pamoja na sampuli zake utalia vibaya au utanyamaza kama sampuli hazikuletwa. Na kupakia seti nzima ya Korg kunafuta uliyokuwa nayo kwenye nafasi za mtumiaji. Nakili vyako kwanza kwenye fleshi nyingine. Kwenye Yamaha za SX, sauti za ziada hupakiwa kwa faili lililotengenezwa kwa ajili ya kinanda husika, kwa hiyo faili la jirani yako huenda lisikubali kwako.

Sauti za ala

Pima sauti sita tu: kodiani, fidla moja, fidla nyingi pamoja, kanuni, udi na nai. Ufanye kazi hiyo bila mwangwi. Kila kinanda hutoka kiwandani kikiwa na mwangwi mwingi, na mwangwi huficha sampuli fupi. Uzime, kisha bonyeza noti moja ya fidla na uishikilie kwa sekunde kumi. Kwenye kinanda dhaifu utasikia mzunguko: sauti inajirudia kila nusu sekunde kama king'ora. Kwenye kinanda kizuri uta wa fidla unaendelea.

Kwa kanuni, bonyeza noti moja haraka haraka kama mpiga kanuni anavyotetemesha. Kama kila pigo linafanana kabisa na lililotangulia, kwa nguvu moja na rangi moja, litaumiza sikio ndani ya dakika mbili. Kodiani ndiyo inayotumika zaidi kwenye taarabu, na kwa bahati nzuri ndiyo vinanda vingi vinaiweza. Tafuta yenye mlio mkavu usio na mtikisiko mwingi. Ya kitaliano yenye mtikisiko haikai na maqamu.

Idadi ya noti zinazolia pamoja ina maana hapa. PSR-E373 ina 48, E473 ina 64, SX700 ina 128. Mdundo uliojaa peke yake unaweza kula zaidi ya 30. Ukiongeza sauti mbili za nyuzi zilizopangwa moja juu ya nyingine na kanyagio limeshikiliwa, kinanda cha noti 48 kitaanza kuzikata noti za zamani katikati, na utasikia kama nyuzi zinakatwa na mkasi.

Kutoka kinanda mpaka spika

Spika za ndani ni za chumbani. E373 na Casio CT-X700 zina wati 2.5 kila upande, E473 na CT-X3000 wati 6, SX700 na CT-X5000 wati 15, Korg Pa700 wati 25. Hata hiyo ya mwisho haitoshi ua wa harusi. Utaunganisha kwenye mikisa, na hapo kuna kosa moja linalojirudia sana. Kinanda kidogo kama E373 kina tundu moja tu, la visikizio, ambalo ni la stirio. Ukichomeka waya wa mono wa gitaa, upande mmoja unapotea na kinanda kinaweza kufanya kazi vibaya. Tumia waya unaoanza na pini moja ya stirio ya milimita 6.35 na kuishia na pini mbili za mono, kisha ziingize kwenye chaneli mbili za mikisa.

Vinanda vyenye matundu mawili nyuma, kushoto na kulia, vinaruhusu kutumia tundu la kushoto peke yake, na sauti zote mbili zitachanganywa. Kumbi nyingi zetu zina mfumo wa mono. Sikiliza basi fidla zako kwa mono kabla ya shughuli, kwa sababu baadhi ya sauti za stirio hujifuta zenyewe zikichanganywa: nyuzi zilizokuwa pana zinakuwa nyembamba na mbali. Ikitokea, chagua sauti nyingine. Kuongeza sauti hakusaidii.

Weka sauti kuu ya kinanda kwenye robo tatu, na nguvu iliyobaki itoke kwenye mikisa. Kinanda kikiwekwa chini sana, mikisa inalazimika kupandishwa mpaka mvumo wa waya unasikika.

Umeme

Kwetu ni volti 230, na sote tunajua hukatika na hupanda. Hatari kubwa zaidi ni adapta isiyo yake. E373 inataka volti 12, SX700 inataka volti 16, CT-X700 inataka volti 9.5, na mara nyingi pini zao zinakaribiana umbo. Volti 16 kwenye kinanda cha 9.5 ni mwisho wake. Angalia pia alama ya nguzo: Yamaha hizi ni chanya katikati, na Casio mpya pia, lakini Casio za zamani zilizotumia adapta ya volti 9 nyingi zilikuwa hasi katikati. Andika jina la kinanda kwa wino mweupe juu ya kila adapta.

Vinanda vilivyotumika kutoka Japani ni vizuri na bei yake huwa nafuu, ila soma kibandiko cha adapta. Kama kimeandikwa 100V peke yake, bila "100-240V", ukichomeka ukutani itaungua papo hapo. Nunua adapta sahihi ya volti 230, au transfoma ya kushusha. Vya Marekani vilivyoandikwa 120V vina tatizo hilohilo.

Jambo lisilopimwa na wengi ni muda wa kuwaka. Umeme ukikatika katikati ya wimbo na jenereta ikachukua, kinanda kinaanza upya. Vya kujifunzia huwa tayari kwa sekunde chache. Korg Pa zenye sampuli nyingi za mtumiaji huchelewa, na ukumbi mzima unakusubiri. Upime muda huo kwa saa dukani. Kama ni mrefu, weka yupiesi (betri inayoshika umeme unapokatika) ya VA 650 kwa kinanda na mikisa peke yake, kamwe si amplifaya. Itakupa nusu saa au zaidi. Ukitumia inveta ya betri, chagua inayotoa wimbi safi. Zile za bei ndogo huleta mvumo kwenye spika ambao hauondoki kwa kubadilisha waya.

Kwa shughuli ya kijijini, uwezo wa kutumia betri ni sifa kubwa. E373 na E473 zinakubali betri sita za AA. Ukitumia za kuchaji, kiambie kinanda aina ya betri kwenye mipangilio yake, la sivyo kitasoma vibaya chaji iliyobaki. SX700 haina betri kabisa.

Unyevu na chumvi

Chini ya kila kitufe kuna vidoto viwili vya mpira vyenye kaboni. Cha kwanza kikigusa kisha cha pili, kinanda kinapima muda uliopita kati yao na kujua umebonyeza kwa nguvu gani. Hewa ya bahari na vumbi vikiingia hapo, kitufe hunyamaza, au kinapiga kelele kwa nguvu zote hata ukikigusa polepole. Dalili hiyo ya pili inawapoteza watu; hudhani ni mpangilio.

Wakati mbaya ni masika, na mwezi wa Ramadhani ambapo kinanda kinakaa kwenye mfuko bila kuguswa, kisha kinafunguliwa mkesha wa Idi vitufe vitano vikiwa vimekufa. Usikifunike kwa nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani. Tumia kitambaa cha pamba, weka vifuko vya silika vilivyokauka kwenye mfuko wake, na ukiwashe kwa nusu saa kila wiki ukibonyeza vitufe vyote.

Kikishapata tatizo, safisha hivi. Chomoa umeme na utoe betri. Kilaze kifudifudi juu ya taulo, fungua skrubu, na uzipange kwenye karatasi uliyochora umbo la kinanda, kwa sababu si zote zina urefu mmoja. Ndefu ikiwekwa pa fupi itatoboa uso. Piga picha kila waya bapa kabla ya kuuchomoa. Ukifika kwenye mikanda ya mpira, itoe taratibu na uweke alama upande wa Do ya chini. Futa alama za kaboni zilizo kwenye ubao kwa pamba ya masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mipira yenyewe ipitishie kitambaa kikavu tu. Usitumie msasa wala petroli: kaboni ni utando mwembamba, ukishautoa haurudi. Acha pakauke dakika 10 ndipo urudishe.

Kukagua kilichotumika

Tenga nusu saa na usikubali kuharakishwa. Chagua sauti ya ogani, bonyeza vitufe vyote 61 kimoja kimoja, kwa utulivu, kinachonyamaza kitajitokeza. Badilisha kwa piano na urudie polepole sana. Kinachopiga kelele peke yake kina kidoto kibovu. Vitufe viwili au vitatu ni kazi ya kusafisha, waweza kuvitumia kushusha bei. Kumi na zaidi, hasa vilivyofuatana, mara nyingi ni ubao au mkanda uliochanika.

Zungusha kitufe cha sauti kuu ukisikiliza mkwaruzo. Chomeka visikizio na utikise pini: upande ukikatika, tundu limelegea kwenye ubao. Ingiza fleshi ya FAT32, hifadhi mpangilio, zima, washa, uite tena. Angalia skrubu za chini. Zikiwa na kutu nyekundu, na ndani ni hivyo hivyo. Washa mdundo na ukiache kilie dakika 15, kwa sababu nyufa nyingi za lehemu hujionyesha kikishapata joto.

Mwisho, mwombe muuzaji akirudishe kwenye hali ya kiwandani mbele yako, baada ya kunakili midundo yake kama mmekubaliana. Rejista za Yamaha hukumbuka mahali faili lilipo, kwa hiyo midundo iliyokuwa kwenye fleshi ya mwenye nacho wa zamani haitapatikana kwako hata kama batani inaonyesha jina lake. Ihamishie kwenye kumbukumbu ya ndani kwanza, kisha hifadhi rejista upya, moja baada ya nyingine, ukizijaribu kwa kuzima na kuwasha.